Mtani Asiyejibu

Mimi nina mdomo, na sijawahi kuuficha. Pale karibu na stesheni ya Tabora, kwenye kibanda chetu cha mama lishe, watu hawaji kwa ajili ya wali peke yake. Wanakuja kusikia leo Mama Anton kamwanza nani. Dereva wa lori akiniletea uso wa kununa, namuuliza kama mkewe kamlaza na mbuzi, na mara nyingi anaagiza sahani ya pili. Nasema haya mapema ili ujue kwamba hadithi hii siisimulii kwa unyonge. Nilikosea, nitaeleza nilivyokosea, na sitaki mtu anibembeleze.

Tulikuwa watatu. Mimi Dafrosa, Mnyamwezi wa Chemchem, mama yake Anton. Getruda, Mnyamwezi mwenzangu, fundi wa samaki na mwoga wa kila kitu isipokuwa moto. Na Sayi, Msukuma wa Igunga, ambaye akicheka wateja hushika sahani zao. Tulikuwa tumepika pamoja miaka tisa wakati mwenye eneo alipotuletea wa nne na kumwonyesha pembe iliyobaki, ile ya mtaroni ambako moshi wote huelekea.

"Mbukwenyi!" alisalimu yule mgeni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, sufuria kichwani na jiko mkononi. Jina lake Levina, Mgogo wa Bahi. Mumewe fundi wa kuchomelea alikuwa amepata kazi mjini kwetu.

Nilifurahi, sitadanganya. Mgogo ni mtani wetu. Zamani za misafara, Wanyamwezi walipita Ugogo na mizigo mabegani wakienda pwani, na Wagogo walikuwa na maji, kwa hiyo hakuna aliyepita bila kutoa hongo, yaani ushuru wa njia. Katika kugombana na kuhitajiana huko ukazaliwa utani. Mtani anaweza kukutukana mchana kweupe na akaondoka na kuku wako, nawe huna ruhusa ya kununa. Lakini ukifiwa, yeye ndiye anayetangulia kufika, na ndiye anayewachekesha wafiwa mpaka makaburini.

Basi nikamkaribisha kwa heshima zote. "Karibu, Mgogo. Bakuli la kuombea weka nje, humu tunapika."

Akatua sufuria yake taratibu. Mabenchi yalikuwa yamejaa. "Asante, mama," akasema. "Ni kweli kwetu tunaomba. Lakini tangu babu yangu azaliwe, hatujawahi kuomba michembe. Soli za viatu sisi tunapeleka kwa fundi."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa, na hakuna Mnyamwezi aliyekua bila kuvitafuna. Watu walivunjika mbavu. Sayi alilia machozi. Mzee mmoja aliyekuwa mteja wangu tangu kibanda kikiwa cha makuti alihamisha sahani yake, akasema anataka kuonja mlenda wa huyu binti, ile mboga yao ya kuteleza. Nami nilicheka, lakini nilicheka kwa meno. Ndani nilikuwa nachemka.

Kesho yake alfajiri, tukiwasha mikaa kabla hajafika, niliwaambia wenzangu, "Akijibu, asicheke mtu."

"Hata kama linachekesha?" Getruda akauliza.

"Hasa kama linachekesha."

Sayi aliangalia chini, akapuliza mkaa wake uliokuwa tayari umewaka. Lakini alikubali. Wote wawili walikubali, kwa sababu mimi ndiye niliyewaingiza pale na mimi ndiye ninayeogopwa nikinuna.

Sijui kama umewahi kuona jambo hilo likifanyika. Mimi namtania, kibanda kizima kinacheka. Yeye anajibu, na jibu zuri, nasi watatu tunageukia vyungu vyetu. Wateja nao huangalia mpishi. Mpishi asipocheka, mteja anaona pengine kuna ugomvi asioujua, anainamia sahani yake. Unabaki kusikia maharage yakichemka. Siku za mwanzo Levina alirudia maneno yake, akidhani hayakusikika. Baadaye akaanza kuyaeleza, na utani ukishaelezwa umekufa. Wiki ya pili majibu yakawa mafupi. Mwezi haukuisha, akanyamaza.

Mimi sikunyamaza. Tulimpachika jina la Naomba. Akitaka ndoo ya maji tulimwambia sema naomba. Wateja wakagawanyika, wetu na wake, na waliokaa benchi lake tuliwaita wagonjwa, kwamba wamekwenda kupewa uji. Getruda, ambaye hawezi kumfukuza kuku, akajifunza kumfukuza Levina kwenye kivuli. Ukiniuliza, jibu nilikuwa nalo mdomoni, ni utani tu, na tangu lini Mnyamwezi akashtakiwa kwa kumtania Mgogo?

Aliyeniuliza alikuwa baba yangu.

Mzee Adriano alikuwa mstaafu wa reli. Miaka mingi ya ujana wake alifanya kazi Kintinku na Bahi, hukohuko Ugogo, na alirudi Tabora na miguu iliyovimba na hazina ya matusi ya Kigogo. Siku moja ya Mei alikuja kula kwangu. Aliposikia kwamba yule wa mtaroni ni wa Bahi, alinipita na fimbo yake, akaenda kujibwaga kwenye benchi la Levina.

"Baba," nikapaza sauti, "fimbo hiyo shika vizuri, utaombwa!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alimgeukia Levina akangoja, mkono umesimama juu ya ugali. Levina aliendelea kukoroga mlenda.

"Mbona hajibu?" baba akauliza.

"Kashindwa, baba."

"Mgogo wa Bahi ashindwe na wewe?"

Alikula akamaliza, akanawa. Nilipokuwa nampandisha bajaji akanishika mkono. "Shaban amekwisha kufa," akasema. Mzee Shaban alikuwa Mzaramo, mtani wake wa miaka yote. "Mtani aliyenibakia mji huu ni binti huyo, na wewe umemfanya bubu. Mimi nitazikwa na nani?"

"Kwani unakufa lini, baba?" nikamtania.

Aliachia mkono wangu, akamwambia dereva waende. Nilikasirika wiki nzima, nikisema moyoni kwamba wazee wakishiba mlenda wa watu huanza kuwaona watoto wao wabaya.

Alikufa Agosti, Alhamisi asubuhi, ameketi mlangoni akingoja chai. Mpaka saa sita nyumba ya Chemchem ilikuwa imejaa. Baba mdogo Bernardo, ndugu yake wa mwisho, alisimama uani akipanga mambo ya mazishi. Jeneza limepatikana, padri amekubali Jumamosi, wachimbaji wapo. Kisha akauliza, mbele ya wanawake wote, "Na mtani?"



"Kaka aliniambia mara tatu," akasema. "Alimwambia hata padri. Asizikwe kimya kama mtu aliyeokotwa njiani. Alisema yupo Mgogo mmoja anapika na wewe, Dafrosa. Kamlete."

Getruda aliangalia vidole vya miguu yake. Sayi aliniangalia mimi.

Nilichukua bodaboda mpaka Gongoni, alikopanga. Kabla sijaingia uani nilisikia kicheko cha wanawake wengi, na sauti moja iliyokuwa ikiwachekesha, nyepesi, ya haraka, yenye kujiamini. Nilisimama nikijiuliza ni ya nani. Ilikuwa ya Levina. Miezi nilikuwa sijaisikia, ndiyo maana niliisahau.

Nilipoingia, ikakatika.

"Shikamoo," akasema akisimama.

"Marahaba."

Hakuna aliyenipa kigoda. Wanawake kama saba walikuwa pale, mmoja anasukwa, wengine wanachambua mchele. Nikafanya ninachokijua maishani. Nikafungua mdomo. "Jamani, leo Mnyamwezi kaja kumwomba Mgogo. Mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu!"

Lilikuwa zuri. Siku nyingine Sayi angeanguka.

Hakucheka mtu. Yule aliyekuwa anasukwa aligeuza kichwa ili msusi afike upande wa pili. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kisha, Mungu wangu, nikaanza kueleza, kwamba yaani kwa kawaida Wagogo ndio, sasa leo ni mimi... Nikasikia punje za mchele zikidondoka kwenye ungo. Mikono sikujua niiweke wapi. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nane, nimezaa, nimezika mume, nimefukuza wezi kwa mwiko, lakini sijawahi kujiona mdogo namna ile. Wala wale wanawake hawakuwa wamekubaliana. Walikuwa hawanipendi tu, basi.

Nilikaa dakika moja mahali hapo. Levina nilimkalisha hapo miezi mitano, na kila asubuhi alirudi na sufuria yake kichwani. Niliona aibu. Na nilimwonea huruma, na kwa mara ya kwanza huruma yangu haikuwa na dharau ndani yake.

"Levina," nikasema, "tulikubaliana."

"Mlikubaliana nini?"

"Kwamba ukijibu, tusicheke. Siku ile ya pili. Maneno yako yalikuwa matamu kuliko yangu, nikaogopa. Ni mimi niliyesema. Getruda na Sayi walinifuata."

Akakaa chini polepole, palepale kwenye mkeka. "Mlikubaliana?" akarudia. "Nilidhani ni mimi. Nilimpigia mama yangu Bahi nikamwambia ulimi wangu umefia huku, watu wa huku hawanielewi. Kila jioni nawajaribu hawa, niangalie kama bado nachekesha watu. Mimi! Kwetu nilikuwa naitwa kila msiba."

"Baba yangu amefariki," nikasema. "Alisema wewe ndiye mtani wake. Sikuombi kwa ajili yangu, mimi sistahili. Nakuomba kwa ajili yake."

Uso wake ulibadilika nilipomtaja baba, lakini sauti haikubadilika. "Nenda ukazike."

"Utakuja?"

"Nimesema nenda."

Sikumlaumu. Nilipanda bodaboda nikalia mpaka Chemchem, kijana wa watu akidhani ni uchungu wa baba tu. Usiku ule niliwaambia wenzangu yote. Sayi alijifunika kanga. "Mimi nilikuwa najiuma ulimi," akasema. "Siku nyingine nilienda kuchekea chooni."

Jumamosi ibada iliisha saa saba. Levina hakuwepo. Bernardo aliniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa. Wanaume wakainua jeneza begani, wanakwaya wakaanza, msafara ukaelekea getini. Kitu kimoja tu baba alikuwa amekiomba, na mimi ndiye niliyekiua.

Hapo getini palisimama mtu.

Alivaa koti kubwa la kiume, suruali imekunjwa, kofia imemfunika macho, fimbo mkononi. Alitembea hatua tatu kuja mbele, na zilikuwa hatua za baba yangu hasa, ule mguu wa kushoto unaoburuzwa, ule mguno kabla ya hatua ya tatu. Shangazi yangu alipiga ukelele.

"Mbukwenyi!" akasema yule mtu, akiilaza fimbo kukata njia. "Nani kawaruhusu kupita? Babu zenu walikuja kwetu na meno ya tembo na hawakupita bure. Toeni hongo!"

Mnong'ono wa furaha ulipita kwa wazee. Bernardo akatumbukiza mkono mfukoni, lakini Levina alimsukuma kwa fimbo. "Hizo kanunue viazi. Mimi nadai kicheko." Kisha akageukia waombolezaji, akaegemea fimbo, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya Mzee Adriano. "Jamani, daktari kaandika ni moyo. Mwongo huyo! Niliambiwa kuna maharage ya Dafrosa yamebaki, nikaona heri nife."



Watu mia mbili au tatu, na hakuna aliyethubutu kucheka. Mfiwa ni mimi, maharage ni yangu. Nikaona Getruda na Sayi wamebana midomo. Miezi mitano ya mazoea si mchezo. Waliniangalia wakingoja amri, na Levina aliwaona wakiniangalia. Chini ya ile kofia nikayaona macho yake. Alikuwa anaogopa. Alikuwa amekuja kusimama mbele ya mji mzima na ulimi asioujua kama bado ni mzima, na angeweza kubaki Gongoni akachambua mchele wake kwa amani.

Nikacheka. Usidhani nilicheka kwa adabu. Kilinitoka tumboni, na machozi na kamasi, nikashikilia nguzo ya geti, nikawa naona kabisa baba akisukuma lile bakuli la maharage. Sayi akafuata, sauti yake yote ya Igunga. Getruda akakaa chini kabisa. Baada ya hapo sikuona vizuri, ila wabebaji walilazimika kuteremsha jeneza wasije wakaliangusha.

Makaburini Levina alimtangulia baba kuingia shimoni. Akajinyoosha humo, akalalamika kwamba kaburi ni fupi, Mzee ana miguu ya kuvimba, chimbeni acheni uvivu. Padri alitazama saa, kisha akaficha mdomo kwa kitabu. Tulipomwambia atoke, akagoma. Hatoki mpaka waitwe wale watatu wanaopika naye waje wamtoe.

Tulikwenda. Tulipiga magoti ukingoni, tukateremsha mikono.

"Vuteni, wapagazi!" akapiga kelele. "Mizigo ndiyo kazi yenu!"

Tukavuta. Koti lilikuwa zito na udongo unateleza, Getruda nusura aingie humo badala yake. Alipofika juu hakuachia mkono wangu. Nikadhani anaendelea na mchezo, kumbe analia.

"Alikuwa anakuja kila Jumatano," akaniambia kwa sauti ya chini. "Siku unazokwenda sokoni kununua unga. Anakaa, ananitupia neno, halafu hali mpaka nimjibu. Nikimjibu anacheka peke yake mpaka anakohoa. Nilidhani ananihurumia tu."

"Baba hakuwahi kucheka kwa kumhurumia mtu," nikamwambia. Na hilo nililijua kwa hakika. Wanawe tulijaribu miaka yote.

Tukamzika. Nilitaka kumwomba Levina msamaha palepale, akanikatiza. Akasema hajamaliza kukasirika. Nikamwambia asiharakishe, nipo.

Siku hizi pembe ya mtaroni tunaikaa kwa zamu, kila mmoja wiki yake. Wiki hii ni yangu, na moshi wake nimeujua. Benchi ni moja refu, tumeyaunganisha, na anayetaka mlenda na anayetaka samaki wanagongana viwiko humo humo. Ila kelele zimezidi. Majuzi mgeni mmoja aliyeshuka kwenye treni, mtu wa heshima, shati limepigwa pasi, alimsikia Levina akiniambia nitoe kichwa changu njiani, maana treni ya Mwanza imeshindwa kupita. Yule bwana aliweka kijiko chini.

"Mama," akaniambia, "kweli unakubali mtu mdogo kama huyu akutukane hivi mbele za watu?"

"Kula, baba," nikamjibu. "Huyu ndiye atakayenizika."

Levina hakuinua hata macho kutoka kwenye chungu chake. "Na shimo," akasema, "itabidi wachimbe pana."